Hesabu Iningi, Usihesabu Majina: Warushaji wa Baltimore Wakati wa Mapumziko

Kaskazi ikishika, sisi wachache wa Malindi na Watamu tunaofuata besiboli ya Marekani hupata usingizi. Mechi ya jioni ya Baltimore au New York hutuangukia saa nane usiku, ya Los Angeles saa kumi na moja alfajiri, na mambo huenda hivyo tangu mwisho wa Machi hadi Oktoba, kusi yote. Novemba viwanja vikishafungwa, barazani linabaki swali moja: timu yako imemchukua nani?

Swali hilo lina kasoro. Mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, hata awe na jina kubwa na mzima mwaka mzima, huanza mechi 32 hivi. Zinazobaki ni 130. La kuuliza mwezi wa Desemba ni hili: iningi (vile vipindi tisa vya kila mechi) za mwaka ujao zitatoka mikononi mwa nani, na mkono wa kwanza ukiharibika anafuata nani?

Aliye mgeni wa mchezo huu ajue kwanza kwamba muanzaji hurusha mipira 85 hadi 100, kisha hupumzika siku nne au tano. Kipa wa kandanda aweza kudaka Jumatano na Jumamosi miezi tisa mfululizo; mkono wa mrushaji haukubali. Ndiyo maana timu huwa na waanzaji watano wanaopokezana, na nyuma yao wapokezi saba au wanane wanaoingia muanzaji akichoka.

Sasa hesabu yenyewe. Msimu una mechi 162. Ukitoa iningi za tisa ambazo hazichezwi kwa kuwa mwenyeji anaongoza, na ukiongeza zile za ziada, timu moja hurusha kiasi cha iningi 1,440 kwa mwaka. Muanzaji wa siku hizi hutolewa baada ya iningi tano na kidogo. Kwa hiyo waanzaji wanatakiwa kubeba karibu 840, na wapokezi 600.

Zigawe hizo 840. Haya ni makadirio yangu kwa timu yenye bahati ya kawaida: wa kwanza mechi 32, iningi 180, wa pili 29 na 165, wa tatu 26 na 140, wa nne 22 na 115, wa tano 19 na 95. Jumla ni mechi 128, iningi 695. Zimebaki mechi 34 na iningi kama 145 ambazo hazina mwenyewe. Tazama vizuri: mechi 34 ni nyingi kuliko anazoanza nyota wako. Namba sita, saba, nane na tisa, watu ambao hakuna anayevaa jezi zao, kwa pamoja wana uzito wa namba moja.

Na usiione 180 kuwa ndogo. Mwaka 2024 waliofika iningi 200 katika ligi nzima ya timu 30 walikuwa wanne tu: Logan Gilbert, Seth Lugo, Logan Webb na Zack Wheeler. Mikono inavunjika. Kinachoharibika sana ni kano ya upande wa ndani wa kiwiko, inayovutwa kila mpira unaporushwa kwa nguvu zote, na dawa yake ikichanika ni upasuaji wa Tommy John, wa kupandikiza kano nyingine mahali pake. Umepewa jina la mrushaji wa kwanza kufanyiwa, mwaka 1974. Kupona huchukua miezi 12 hadi 18. Mrushaji akipasuliwa Juni, msimu huo umekwenda na mwingi wa unaofuata nao umekwenda, kwa hiyo meneja anayepanga Desemba lazima ahesabu miaka miwili.

Hapo ndipo orodha inapoingia. Timu ina orodha mbili. Ya 26 ni ya wanaocheza leo, na ndani yake warushaji hawazidi 13. Ya 40 ni ya wote wanaoruhusiwa kuitwa. Hao 26 wamo, pamoja na walioko ligi ndogo au wanaouguza majeraha. Wengi hudhani nafasi 40 ni nyingi. Wakati wa mapumziko ni chache mno, kwa sababu moja ambayo magazeti hayaielezi vya kutosha: msimu ukiendelea, mgonjwa wa muda mrefu huwekwa kwenye orodha ya majeruhi ya siku 60 na hahesabiwi katika 40. Msimu ukiisha orodha hiyo hufungwa. Wote waliopasuliwa hurudi kukalia nafasi zao mpaka kambi za mazoezi zifunguliwe katikati ya Februari. Timu yenye warushaji wanne wenye mikono iliyoshonwa ina nafasi 36 za kweli, na inatakiwa kuajiri.

Wakati huohuo kuna drafti ya Kanuni ya 5, zamu ya timu kuchukua chipukizi wa timu nyingine, inayofanywa Desemba. Chipukizi aliyekaa ligi ndogo misimu minne au mitano, kutegemea umri aliosajiliwa nao, asipowekwa ndani ya 40 katikati ya Novemba, timu nyingine yaweza kumchukua kwa dola 100,000. Atakayemchukua analazimika kukaa naye kwenye orodha ya 26 msimu mzima, ama amrudishe. Basi meneja anabanwa pande zote mbili: amlinde kijana, au aache nafasi ya kumnunua mzee?

Kuna na opsheni, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye thamani kubwa kwa namba sita hadi tisa. Mchezaji akishaingia orodha ya 40 timu ina miaka mitatu ya kumpeleka ligi ndogo na kumrudisha bila kuomba ruhusa ya mtu. Mrushaji akishushwa hukaa huko siku 15 kabla ya kuitwa tena, isipokuwa anaziba pengo la aliyeumia. Opsheni zikiisha, kumshusha kunataka kwanza timu zote nyingine zipewe nafasi ya kumnyakua. Na mwenye miaka mitano ya utumishi katika ligi kuu hashushwi asipotaka mwenyewe. Mzee akiharibu, una njia mbili: umpeleke kwa wapokezi, au umlipe aende zake.

Haya, tuitie Baltimore Orioles kwenye hesabu hiyo.

Mwaka 2023 walishinda mechi 101, mwaka 2024 wakashinda 91. Februari 2024 walikuwa wamemchukua mrushaji Corbin Burnes kutoka Milwaukee kwa Joey Ortiz, DL Hall na nafasi moja ya kuchagua katika drafti ya wachezaji wapya. Burnes alirusha iningi 194, na kila iningi 9 aliruhusu wastani wa pointi 2.92. Katika mchujo dhidi ya Kansas City alirusha hadi iningi ya tisa, akaruhusu pointi moja, na timu ikafungwa 1-0 kwa kuwa wapigaji walikuwa wamelala. Mkataba ulipoisha, Baltimore walimpa ofa ya mwaka mmoja ya dola milioni 21.05, ambayo kwa kanuni mchezaji akiikataa na kuondoka timu hufidiwa kwa nafasi ya drafti. Akaikataa. Arizona wakampa dola milioni 210 kwa miaka sita. Anthony Santander, mpigaji, naye aliondoka kwa njia hiyohiyo, na Baltimore wakapata nafasi za 30 na 31 katika drafti ya 2025.

Badala ya Burnes walinunua Charlie Morton, miaka 41, dola milioni 15, na Tomoyuki Sugano kutoka Yomiuri Giants ya Japani, miaka 35, dola milioni 13. Wote kwa mwaka mmoja. Machi walipoona mambo yanaharibika wakamwongeza Kyle Gibson, miaka 37, dola milioni 5.25. Jumla milioni 33.25. Kwa wastani wa mkataba wake, Burnes mmoja ni milioni 35 kwa mwaka.

Watu wengi walisema kosa lilikuwa kumwacha Burnes. Sikubali. Burnes alianza mechi 11 tu kwa Arizona, kiwiko kikamsimamisha, na Juni 2025 akapasuliwa Tommy John. Angekuwa Baltimore, wangebaki bila iningi zake na milioni 210 zimefungwa. Kosa lilikuwa chini zaidi kwenye foleni.

Kwenye karatasi foleni ilionekana ndefu. Mbele Zach Eflin, Grayson Rodriguez, Dean Kremer, Morton, Sugano. Nyuma yao Cade Povich, Albert Suárez, Trevor Rogers, Chayce McDermott. Kyle Bradish na Tyler Wells wakiuguza viwiko walivyopasuliwa 2024, wakitarajiwa mwishoni mwa msimu. Kumi na mmoja! Lakini Rogers aliumia goti Januari, Rodriguez kiwiko Machi, McDermott misuli ya mgongo, Suárez bega mara tu msimu ulipoanza, Eflin misuli ya mgongo Aprili. Kabla mwezi wa kwanza haujaisha, wa kwanza, wa pili, wa saba, wa nane na wa tisa hawapo. Waliobaki wazima walikuwa Kremer, Povich na wazee.

Hapo tofauti ya kuhesabu vichwa na kuhesabu iningi inaonekana wazi. Katika hao kumi na mmoja, ukiuliza ni wangapi walirusha iningi 150 mwaka 2024 wakiwa wazima, unapata watatu, wanne kwa taabu. Wengine kila mmoja alikuwa na alama ya kuuliza, na alama hizo hazikuwa za mambo tofauti: zote zilihusu afya. Ukipanga watu dhaifu wa aina moja nyuma ya watu dhaifu wa aina hiyohiyo hujajilinda. Foleni nzuri huchanganya: mmoja mzee wa iningi nyingi asiye na makali, mmoja kijana mwenye opsheni aliye mzima Norfolk, timu yao ya ligi ndogo, mmoja anayerudi kutoka upasuaji, ambaye hesabu yake mpaka Julai ni sifuri.

Morton alipoteza mechi zake za mwanzo mfululizo, akapelekwa kwa wapokezi, akarudi akiwa na nafuu, na mwisho wa Julai akauzwa Detroit. Gibson alisajiliwa msimu ukiwa mlangoni, na hili lilikuwa kosa la kalenda zaidi ya la mtu. Mrushaji anahitaji wiki sita za kuujenga mkono: kwanza kurusha bila mpigaji, kisha iningi moja au mbili, mipira 30, halafu kila baada ya siku tano unaongeza iningi moja hadi mipira 85 au 90. Ukimsajili wiki ya mwisho ya Machi, hakufai kabla ya Mei. Gibson aliitwa mwisho wa Aprili, akaanza mechi nne, akarusha iningi 12 na theluthi, na wastani wake ukawa pointi 16.78. Wakamwachia. Kufikia hapo hata kocha mkuu, Brandon Hyde, alikuwa ameachishwa kazi, tarehe 17 Mei. Msimu uliisha kwa ushindi 75 na vipigo 87, mkiani mwa kundi lao.

Sugano ndiye ununuzi uliofanya kazi kama ulivyoandikwa. Iningi 157, mechi 30, wastani 4.64. Si namba za kujivunia, lakini mechi 30 za uhakika kwa milioni 13 ni biashara halali, hasa kwa mtu aliyetoka Japani, ambako muanzaji hurusha mara moja kwa wiki. Kilichomuumiza kilikuwa ukuta. Baltimore walisogeza nyuma ukuta wa kushoto wa uwanja wao mwaka 2022, na warushaji wakafaidi: mpira uliokuwa ukiruka nje ukawa unadakwa. Kabla ya msimu wa 2025 wakausogeza mbele tena, ili wapigaji wapate nafasi. Wapokonye warushaji ukuta, na mapumziko hayohayo ununue mrushaji asiyeondoa wengi kwa straiki, ambaye mipira yake hupigwa na kupaa. Sugano aliruhusu mipira zaidi ya 30 ya kupita ukuta. Uamuzi wa mafundi wa uwanja na uamuzi wa usajili haukupaswa kufanywa katika vyumba viwili tofauti.

Halafu kuna Rogers. Alinunuliwa Julai 2024 kutoka Miami kwa Kyle Stowers na Connor Norby, akarusha vibaya, akashushwa Norfolk mwezi uliofuata, na Stowers akaja kuwa nyota wa mechi ya nyota 2025 akiwa Miami. Kila mtu aliuandika usajili ule kuwa hasara. Mei 2025 goti lilipopona aliitwa kwa mechi moja, siku ya mechi mbili Boston, ambapo kanuni inaruhusu mchezaji wa 27. Akashushwa tena bila kelele, kwa sababu opsheni ilikuwepo. Juni akaitwa moja kwa moja. Akamaliza na mechi 18, iningi karibu 110 na wastani wa 1.81. Laiti angekuwa hana opsheni, Agosti 2024 ingewalazimu wamkalishe benchi ama wamwachie wengine. Namba nane aliyehifadhiwa ndiye aliyekuja kuwa namba moja.

Swali linalokuja kila mara: kwa nini wasiweke waanzaji sita, kila mmoja apate siku ya ziada ya kupumzika? Kwa sababu ya ile 13. Waanzaji sita wanaacha wapokezi saba. Muanzaji mmoja akitolewa iningi ya pili Jumanne, wapokezi saba hawafiki Ijumaa. Los Angeles Dodgers wanaweza kwa kuwa Shohei Ohtani, anayepiga na kurusha, hahesabiwi kati ya wale 13. Timu isiyo na Ohtani hufanya kwa wizi: namba sita anaitwa kutoka ligi ndogo mara moja kila wiki mbili au tatu, wakati wa mechi nyingi mfululizo, na mpokezi mwenye opsheni anashushwa kumpisha. Kwa hiyo hata mpokezi wako wa nane lazima awe na opsheni. Timu zinazojaza wapokezi wazee wanane wasioshushika hujifunga pingu zenyewe, na hili huliona watu Mei, si Desemba.

Machi 2026 kuna na mashindano ya dunia ya besiboli, yanayotoa warushaji kambini mapema. Mwaka 2023 mrushaji hakuruhusiwa zaidi ya mipira 65 katika raundi ya kwanza, lakini hiyo 65 ni ya ushindani, na kuifikia salama kunataka mkono uanze kujengwa Januari. Wataliano walifika robo fainali mwaka ule, wakafungwa na Japani 9-3. Ukikutana na Mtaliano wa hapa Malindi anayejua mchezo huu usishangae. Mji wa Nettuno, kusini ya Roma, wanajeshi wa Marekani walitua huko 1944 na besiboli imekuwa mchezo wao tangu hapo.

Sasa mapumziko ya kuelekea 2026. Novemba 2025 Baltimore walimtoa Rodriguez, ambaye hakurusha hata mpira mmoja wa ligi kuu mwaka mzima, kwenda Los Angeles Angels kwa mpigaji Taylor Ward. Desemba wakamchukua Shane Baz kutoka Tampa Bay kwa chipukizi wanne na nafasi ya drafti, na Eflin, aliyeanza mechi 14 tu mwaka 2025 kisha akapasuliwa mgongo, akarudi kwa mwaka mmoja, dola milioni 10. Pete Alonso amekuja kupiga kwa milioni 155, lakini huyo hapunguzi hata iningi moja katika hesabu yetu.

Baz alipasuliwa Tommy John mwaka 2022 na mwaka 2025 akarusha iningi 166. Mkono umepita mtihani. Kremer ndiye aliyebeba iningi nyingi kuliko wote Baltimore mwaka huohuo. Nikikadiria kwa ajili ya 2026: Kremer 165, Baz 155, Rogers 150, Bradish 130 kwa kuwa alirudi Agosti na kuanza mechi sita tu, Eflin 100. Jumla 700. Shimo ni 140 na wa kulijaza ni Povich, Wells, Brandon Young na atakayeokotwa.

Pengo hilo ni la kawaida, halitishi. Kinachonisumbua ni kwamba Eflin yuko ndani ya wale watano. Ningetafuta muanzaji mmoja wa iningi 160, hata kama wastani wake ni 4.40, Eflin asogee namba sita, na Povich apangiwe Norfolk kwa zamu kamili ya siku tano asigeuzwe mpokezi. Mrushaji aliyezoeshwa iningi moja moja hawezi kuitwa ghafla kurusha tano. Kuurudisha mkono ni wiki tatu au nne.

Na kwa wanaotaka kufuatilia kwa makini, ongezeni saa nane juu ya saa ya Baltimore mpaka Machi, kisha saa saba. Tarehe ya kuangalia ni wiki kambi zinapofunguliwa katikati ya Februari. Orodha ya siku 60 ikifunguka, timu huanza kuhamisha majeruhi na nafasi za 40 huchipuka, huku timu nyingine zikiwatoa warushaji wasio na opsheni ili kuwapisha waliosajiliwa. Mtu akitolewa kwenye orodha timu ina siku saba za kumuuza au kumpitisha mbele ya wenzake. Namba nane wa Baltimore huenda leo hii yuko kwenye orodha ya timu nyingine, na atapatikana wiki hiyo kwa bei ya mshahara wake tu.